Wasomaji Wanauliza: Sekunde Nne za Gita la Mtu Mwingine

Barua tano za toleo hili zimetoka kwa watu wasiojuana na wanaoishi mbalimbali, lakini zote zinagusa jambo moja: kukata kipande cha sauti kutoka katika rekodi ya mtu mwingine na kukiweka ndani ya wimbo mpya, kazi ambayo vijana wa studio wanaiita kusampo. Majibu hayana urefu sawa kwa sababu maswali hayana uzito sawa. Ninachoeleza hapa ni sheria kwa ujumla wake. Msomaji ambaye tayari amepokea barua ya madai aipeleke kwa wakili mapema, asisubiri toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mtayarishaji wa muziki hapa Mbagala, Dar es Salaam. Nimechukua sekunde nne za gita la solo kutoka katika wimbo wa muziki wa dansi uliorekodiwa mwaka 1974, nikazishusha sauti, nikazizungusha mpaka zikawa uti wa mgongo wa biti yangu. Msanii ameshaimba juu yake na tunataka kuuachia wimbo mwezi ujao. Wenzangu wanasema ukichukua chini ya sekunde saba huna kosa, na kwamba nikitaja jina la bendi mambo yamekwisha. Je, ni kweli? (Mtayarishaji, Mbagala)

JIBU: Marahaba. Ndugu yangu, hesabu ya sekunde saba haipo. Nimeisikia katika studio nyingi, na kila ninapoisikia inakuja na tarakimu mpya: mmoja atakuambia saba, mwingine kumi na tano, mwingine ataapa kwamba unaruhusiwa mpaka baa nane, yaani mafungu nane ya mapigo. Ukiipekua Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7 ya mwaka 1999, hutakuta humo idadi ya sekunde ambazo mtu anaweza kuchukua bila kuuliza. Hutaikuta katika sheria ya Kenya ya mwaka 2001 wala katika ile ya Uganda ya mwaka 2006. Sheria hizi zinaruhusu matumizi machache yaliyotajwa, kama vile kunukuu kwa kiasi cha haki au kutumia kazi kwa masomo na uhakiki. Uti wa mgongo wa wimbo wa biashara haumo katika matumizi hayo.

Kabla ya kwenda mbali, isikilize tena kazi yako. Vaa hedifoni, zima ngoma na besi ulizoongeza, ubakize zile sekunde nne peke yake. Bendi zetu za miaka ile mara nyingi zilirekodiwa zikipiga kwa pamoja ndani ya chumba kimoja, kwa maikrofoni chache, kwa hiyo huwezi kulinyofoa gita bila kuja na vilivyoambatana nalo: tumba inagonga kwa mbali, mkanda unavuma, na huenda mwishoni kabisa ukamsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuingia. Kwa hiyo hukuchukua noti za gita tu. Umechukua kipande cha kazi ya watu wengi waliokuwa chumbani siku ile, na ya yule aliyekuwa na mashine na mkanda.

Hapo ndipo sheria inapotenganisha haki mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni haki ya utunzi, yaani lahani, mpangilio wa noti na maneno, na hiyo ni ya mtunzi au warithi wake, au kampuni aliyoikabidhi kwa mkataba. Ya pili ni haki ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa, na kwa kawaida hiyo ni ya aliyegharimia na kusimamia kurekodi, ambaye kwa nyimbo zetu za miaka ya 1970 anaweza kuwa kituo cha redio, kampuni ya santuri au mfanyabiashara wa Nairobi. Kando ya hizo kuna haki za wapigaji na waimbaji, ambazo nitazizungumzia katika barua ya mwisho. Anayekata kipande cha rekodi anagusa haki zote kwa mkasi mmoja, na ruhusa ya mwenye moja haimfungi mwenye nyingine.

Kuna kesi ya Marekani inayolionyesha hili waziwazi. Mwaka 1992 kundi la Beastie Boys lilitoa wimbo wenye sekunde sita za filimbi ya James Newton, zilizokatwa kutoka katika rekodi ya utunzi wake uitwao "Choir". Kundi lilikuwa limeilipa lebo ya ECM dola 1,000 kwa ajili ya rekodi, lakini halikuomba ruhusa ya utunzi. Newton alishtaki kuhusu utunzi, akashindwa, kwa sababu majaji waliona kwamba noti tatu alizoziandika, zikitengwa na namna alivyozipuliza siku ile, ni kidogo mno. Mimi huumia kila ninapoisoma hukumu hiyo, kwa maana kilichowavutia wale vijana kilikuwa ni pumzi yake mwenyewe, na pumzi hiyo kwa hesabu ya sheria ilikuwa ndani ya rekodi ambayo lebo ilikwisha kuiuzia ruhusa. Lakini funzo lake kwako ni la manufaa: kila haki inapimwa kwa mizani yake.

Sasa tuje kwenye kushusha sauti na kuizungusha. Wapo wanaoamini kwamba kipande kikibadilishwa kinakuwa chao. Katika kesi ya Bridgeport Music dhidi ya Dimension Films, iliyoamuliwa mwaka 2005 na Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Sita, moja ya maeneo ya kimahakama ya Marekani, kilichochukuliwa kilikuwa ni sekunde mbili za gita kutoka katika wimbo wa kundi la Funkadelic. Zilishushwa sauti na kuzungushwa mpaka zikatimia mapigo 16, kama ulivyofanya wewe. Mahakama ilisema kwamba kwa upande wa rekodi hakuna udogo unaosamehewa: pata leseni au usisampo. Miaka 11 baadaye, mwaka 2016, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, ambayo eneo lake linajumuisha California, ilikataa msimamo huo katika kesi iliyomhusu Madonna na wimbo wake "Vogue", ambamo mlio wa tarumbeta na matrombone wa sekunde 0.23 ulidaiwa kukatwa kutoka katika wimbo mwingine. Majaji walisema msikilizaji wa kawaida asingeutambua, kwa hiyo hakuna kosa. Mizunguko hiyo miwili ya nchi moja haijapatana hadi leo.

Hukumu hizo hazimfungi hakimu wa Kisutu. Nimezitaja kwa sababu wimbo wako ukishapandishwa kwenye majukwaa ya mtandaoni utasikika Detroit na Los Angeles siku ileile utakaposikika Temeke, na mwenye haki anaweza kukufuata kule unakosikika. Tena, kipande chako si sehemu ya nne ya sekunde iliyojificha nyuma ya ngoma. Kwa maneno yako mwenyewe, ndicho uti wa mgongo wa biti. Hata jaji mpole kuliko wote wa California hatakuona umechukua kidogo.

Kuhusu kutaja jina la bendi: fanya hivyo kwa vyovyote, maana mtunzi ana haki ya kutajwa na ni heshima anayostahili. Lakini kutajwa ni haki moja na kuombwa ruhusa ni haki nyingine. Vivyo hivyo kwa wanaosema kwamba wanautoa wimbo bure. Kutokuuza kunaweza kupunguza madai ya fidia, lakini hakukupi ruhusa ambayo hukuwa nayo.

Lipo jambo moja katika barua yako linalokupa nafuu, nalo ni mwaka 1974. Tanzania hulinda rekodi kwa miaka 50, inayohesabiwa tangu mwisho wa mwaka ilipotolewa au, kama haikuwahi kutolewa, ilipowekwa kwenye mkanda. Kama rekodi yako kweli ni ya mwaka huo na ilitolewa mwaka huohuo, ulinzi wake hapa nchini uliisha mwishoni mwa 2024. Utunzi ni habari tofauti, kwa kuwa unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Chukua mfano wa Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979: tungo zake zinalindwa Tanzania mpaka mwisho wa 2029, hata kama zipo rekodi zake ambazo muda wake umekwisha. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza si kutafuta mkanda. Tafuta kujua nani alitunga, kama yu hai, na kama amefariki, ni lini na warithi wake ni akina nani. Jina la bendi halitoshi, kwani katika bendi moja watunzi walikuwa wengi.

Anza na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, uulize kama wimbo umesajiliwa na kwa jina la nani. Kama nakala uliyoitumia ilitoka kwenye maktaba ya kituo cha redio au kwenye albamu mpya ya kampuni fulani, waulize nao, kwa sababu wanaweza kuwa na mkataba unaoendelea au masharti yao ya kutumia nakala. Kisha andika barua ya maombi yenye mambo ya kushikika: jina la wimbo wa zamani, kipande kinaanzia dakika na sekunde ipi hadi ipi, kinarudiwa mara ngapi ndani ya wimbo mpya, wimbo mpya utatoka lini na wapi, na unapendekeza nini, malipo ya mara moja au asilimia ya mapato au vyote viwili. Ambatanisha wimbo wenyewe ili wausikie. Familia nyingi za wanamuziki wa zamani hukasirishwa zaidi na kupuuzwa kuliko na udogo wa malipo, na nimeona mjane mmoja akitoa ruhusa kwa kiasi kidogo sana kwa sababu kijana alikwenda nyumbani kwake, akaketi, akauliza kabla. Hata hivyo yale makubaliano yaliandikwa, yakatiwa saini, na kila upande ukabaki na nakala.

Msiuachie wimbo mwezi ujao kama hamjamaliza hilo. Nasema hivyo kwa sababu anayeomba akiwa ameshatoa wimbo, tena umeshapendwa, hana nguvu ya kujadiliana. Kundi la The Verve la Uingereza lilikuwa na ruhusa ya rekodi kwa wimbo wake "Bitter Sweet Symphony" wa mwaka 1997, lakini ruhusa ya utunzi uliokuwa ndani ya rekodi hiyo, wa Rolling Stones, ilikuwa haijakamilika wakati wimbo uko tayari. Walilazimika kuachia mapato yote ya utunzi na kuwaandika Mick Jagger na Keith Richards wa Rolling Stones kuwa watunzi. Haki hizo zilirudishwa kwa Richard Ashcroft, aliyeandika maneno, mwaka 2019, na hiyo ilikuwa hisani ya wenye haki wenyewe. Miaka 22 ni mirefu.

SWALI: Kwaya yetu imependa mchezo wa besi wa wimbo mmoja wa zamani. Tukiingia studio na mpiga besi wetu akaupiga upya, noti kwa noti, bila kugusa rekodi ya zamani, tutakuwa tumeepuka tatizo? (Mwalimu wa kwaya, Dodoma)

JIBU: Mwalimu, mtakuwa mmeepuka nusu yake. Mkipiga wenyewe hamjanakili sauti iliyo katika mkanda, kwa hiyo mwenye rekodi hana la kuwadai. Utunzi umebaki palepale, na kama mchezo ule wa besi ni sehemu ya utunzi inayotambulika, mnahitaji ruhusa ya mtunzi. Kumbukeni yaliyompata Manu Dibango wa Cameroon. Kibwagizo cha wimbo wake "Soul Makossa" wa mwaka 1972 kiliimbwa upya na Michael Jackson katika albamu ya "Thriller". Hakuna mkanda uliokatwa, lakini Dibango alidai haki yake na wakasuluhishana nje ya mahakama. Kisha mwaka 2007 Rihanna akatumia kibwagizo hichohicho baada ya kupata ruhusa kwa Jackson, na Dibango hakuulizwa. Mwaka 2009 mzee huyo akawapeleka wote wawili mahakamani Paris. Kwa hiyo, Mwalimu, ruhusa yenyewe iombeni kwa mwenyewe, si kwa yule aliyeazima kabla yenu.

SWALI: Nilinunua mtandaoni mfuko wa sauti za ngoma na vinanda ulioandikwa kwamba hauna mirabaha. Nimetoa wimbo, na mtandao umeuzuia ukisema una sauti za msanii mwingine. Nimeibiwa? (Msanii, Mwanza)

JIBU: Huenda hukuibiwa. Mfuko wa namna hiyo huuzwa kwa watu wengi, na mnunuzi mwingine akiiweka sauti ileile katika wimbo wake na kuusajili, mashine ya kutambua sauti itaona wimbo wako umefanana na wake. Mashine haijui nani alinunua nini. Tafuta risiti na masharti uliyoyakubali siku ya kununua, kisha wasilisha pingamizi kupitia kampuni inayokusambazia muziki. Lakini soma masharti hayo kwa makini kabla ya kupinga, kwani "bila mirabaha" maana yake ni kwamba hudaiwi malipo kila wimbo unapopigwa. Haimaanishi kwamba sauti imekuwa mali yako peke yako, wala kwamba aliyekuuzia alikuwa na haki ya kuiuza. Kama muuzaji mwenyewe alikata sauti hizo kwenye rekodi ya mtu bila ruhusa, leseni aliyokupa haina kitu ndani yake, na mkataba wako na msambazaji una kipengele kinachosema kwamba wewe ndiye uliyethibitisha kuwa kila sauti ni halali.

SWALI: Ninaishi Hamburg na ninatengeneza muziki wa kielektroniki. Ninataka kutumia sauti ya Siti binti Saad kutoka katika santuri zake za kwanza. Rafiki yangu Mjerumani ananiambia kuwa nikiibadilisha sauti mpaka isitambulike sihitaji ruhusa ya mtu. Na je, santuri za zamani namna hiyo bado zina mwenyewe? (Msomaji, Hamburg)

JIBU: Rafiki yako anaongea kama mtu aliyesoma magazeti ya kwao, na ana sehemu ya ukweli. Ujerumani ndiko kulikozaliwa kesi ndefu kuliko zote za jambo hili. Mwaka 1997 watayarishaji Moses Pelham na Martin Haas walichukua takriban sekunde mbili za mlio wa vyuma kutoka katika "Metall auf Metall" ya kundi la Kraftwerk, iliyotoka 1977, wakauzungusha chini ya wimbo wa Sabrina Setlur. Kraftwerk walikwenda mahakamani mwaka 1999, hapohapo Hamburg ulipo wewe. Kesi imepanda na kushuka ngazi zote. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliegemea upande wa uhuru wa sanaa. Tarehe 29 Julai 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, ikasema kwamba mtayarishaji wa rekodi anaweza kuzuia kunakiliwa kwa kipande hata kiwe kifupi namna gani, isipokuwa pale kinapotumiwa kikiwa kimebadilishwa kiasi cha kutotambulika kwa sikio. Mwaka 2023 mahakama ya Ujerumani ilipeleka tena swali Luxembourg, safari hii kuhusu kazi za kuigiza mtindo. Watoto waliozaliwa mwaka kesi ilipofunguliwa wamekwisha kuwa watu wazima.

Kwa hiyo kigezo cha sikio kipo kweli katika sheria ya Ulaya. Lakini nikuulize kwa moyo safi: unaitaka sauti ya Siti ili isitambulike? Kama unaitaka kwa ajili ya ile sauti yenyewe, iliyovuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na kampuni ya HMV, basi kigezo hicho hakikusaidii, na njia yako ni hesabu ya miaka.

Hesabu yenyewe ni hii. Rekodi ya mwaka 1928 imekwisha kutoka katika ulinzi hapa kwetu na Ulaya pia, ambako rekodi hulindwa miaka 70 tangu kutolewa. Siti alifariki mwaka 1950, kwa hiyo kwa tungo zilizo zake mwenyewe miaka 50 baada ya kifo ilitimia mwishoni mwa 2000, na hata ile 70 ya Ulaya ilitimia mwishoni mwa 2020. Kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, baadhi ya nyimbo alizoziimba zilitungwa na wenzake wa kundi, na muda unahesabiwa kwa kifo cha mtunzi halisi, si kwa kifo cha mwimbaji. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA, nayo ndiyo ya kuuliza kuhusu watunzi hao. Pili, Marekani ina hesabu yake ya peke yake. Kwa sheria waliyoipitisha mwaka 2018, rekodi zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 zinalindwa huko miaka 100, maana yake santuri ya 1928 itakuwa huru mwishoni mwa 2028. Unaweza basi kuutoa wimbo Ulaya na Afrika Mashariki na kuiacha Marekani isubiri, jambo ambalo wasambazaji wa muziki wanaweza kulipanga nchi kwa nchi.

Ninakushauri pia ukate kutoka katika santuri yenyewe na si kutoka katika albamu mpya iliyosafishwa mikwaruzo, kwa sababu aliyesafisha anaweza kudai haki juu ya kazi yake. Mikwaruzo ile si ya kuonea haya. Na muda wa hakimiliki kwisha hakukuzuii kuandika jina lake kubwa kwenye jalada, Siti binti Saad wa Unguja, ili msikilizaji wa Hamburg ajue ni nani anayemsikia.

SWALI: Baba yangu alikuwa mpiga gita la rithimu katika bendi ya hoteli hapa pwani. Mwaka 1983 walirekodi santuri moja, wakalipwa fedha za siku, basi. Mwaka huu nimesikia wimbo mpya unaopigwa kwenye matatu, na gita linalozunguka mwanzo hadi mwisho ni mkono wa baba. Mimi nimekua nikiusikia, siwezi kuukosea. Nimemtafuta msanii, akasema aliinunua haki kwa mwenye lebo ya zamani. Baba ana miaka 78. Je, hana chake? (Mtoto wa mpiga gita, Mombasa)

JIBU: Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na nitakujibu bila kukuficha kitu. Sheria ya Kenya inamtambua mpigaji. Mbali na mtunzi na mtayarishaji wa rekodi, mtu aliyepiga au kuimba ana haki juu ya upigaji au uimbaji wake, na haki hiyo hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka uliorekodiwa, maana yake kwa baba yako ni mpaka mwisho wa 2033. Hazijaisha. Swali gumu ni alikubali nini siku ile ya 1983. Kama alitia saini karatasi inayokabidhi kila kitu kwa mwenye lebo, basi huyo wa lebo huenda alikuwa na haki ya kumruhusu kijana, na kilichobaki kwa baba ni kutajwa na kuheshimiwa. Kama alilipwa mkononi pasipo karatasi yoyote, hali ni tofauti, kwa sababu katika sheria ya Kenya kukabidhi haki kunahitaji maandishi yenye saini, na kupokea posho ya siku si maandishi. Tena, kama mchezo ule wa gita aliubuni yeye na ukawa sehemu ya wimbo, anaweza kuwa na dai katika utunzi, japo hilo ni gumu kulithibitisha baada ya miaka 40 na ushee.

Sitaki upate matumaini yasiyo na msingi, kwa hiyo nikusimulie la mbali kidogo. Mwaka 1969 kundi la Marekani liitwalo The Winstons lilirekodi wimbo "Amen, Brother", na ndani yake mpiga ngoma Gregory Coleman akapiga peke yake baa nne, hazifiki sekunde nane. Baa hizo nne zimekatwa na kutumiwa katika maelfu ya nyimbo, na mitindo mizima ya muziki wa dansi wa Uingereza imejengwa juu yake. Coleman alifariki mwaka 2006 akiwa hana makazi, bila kupokea hata senti moja kwa ajili yake. Kiongozi wa kundi, Richard Spencer, ndiye aliyekuwa na hakimiliki, na naye hakulipwa, mpaka mwaka 2015 wapenzi wa muziki walipochangishana wenyewe pauni 24,000 wakampa. Hata kama wote waliokata wangelipa leseni tangu siku ya kwanza, fedha zingekwenda kwa mwenye hakimiliki na mwenye rekodi. Sheria ya hakimiliki iliandikwa ikimwangalia mwenye kalamu na mwenye mashine, na mtu wa tatu, yule ambaye mkono wake ndio unaosikika, akapewa sehemu ndogo na baadaye. Mimi naona ni kasoro kubwa, na nchi zetu, ambako nyimbo nyingi zilizaliwa mikononi mwa wapigaji na si kwenye karatasi, zina sababu kubwa kuliko wengine ya kuirekebisha.

Fanya hivi. Mwandikie msanii na kampuni inayosambaza wimbo, kwa adabu, ukiomba nakala ya makubaliano yao na mwenye lebo, na ukieleza kwamba mpigaji yu hai na ana haki. Mwenye kununua kihalali hataogopa kuonyesha. Wakati huohuo nenda Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ueleze shauri lenu, na ulizia jumuiya inayosimamia haki za wapigaji na waimbaji, kama mzee anaweza kujiunga. Malipo yake ni ya nyimbo kupigwa hadharani na si ya kukatwa kipande, lakini ni yake. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yameweka utaratibu wa kuomba kazi iondolewe mtandaoni, ila usiutumie kabla ya kuona ule mkataba, kwani anayetoa taarifa ya uongo anaweza kuwajibishwa.

Na kabla ya hayo yote, leo jioni, keti na baba. Weka simu mezani irekodi, umpigie ile santuri, umwombe aisimamishe kila anapokumbuka kitu: nani alishika besi, nani alikuwa kwenye tumba, ilikuwa studio gani, nani aliwalipa na kiasi gani, nani aliondoka na mkanda, ni akina nani bado wako hai na wanaishi wapi. Kama gita lake bado lipo, mpe apige ule mchezo mbele ya kamera. Andika yote, weka tarehe, naye atie saini. Wakili yeyote utakayemwendea ataanza kwa kuuliza karatasi hiyo.